Barua ya Mwalimu wa Michezo

Tarehe 26 Septemba 1988, katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya Seoul, Paul Ereng wa Kenya aliwapita Said Aouita wa Morocco na Joaquim Cruz wa Brazil katika mita za mwisho, akaondoka na dhahabu. Siku tano baadaye, tarehe 1 Oktoba, Peter Rono alishika uongozi wa mita 1,500 na hakuuachia tena, ingawa nyuma yake walikuwapo Waingereza wawili waliotisha enzi hizo, Peter Elliott na Steve Cram.

Wakenya walikuwa wamezoea kusikia majina ya washindi wao yakitanguliwa na cheo: koplo fulani wa jeshi, sajini fulani wa polisi, askari wa magereza. Hawa wawili hawakuwa na cheo chochote. Walikuwa wanafunzi. Ereng alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Virginia, na Rono alikuwa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki katika mji wa Emmitsburg, jimbo la Maryland, mji ambao hata Wamarekani wengi hawajui uliko. Ereng alikuwa ametoka Starehe, Nairobi. Rono alikuwa ametoka St. Patrick's, Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio.

Intaneti haikuwapo, video za mbio za shule hazikuwapo, na kumpigia mtu simu Iten kutoka Maryland ilikuwa kazi ya nusu siku. Kocha wa Emmitsburg alimpataje kijana wa Nandi? Alimpata kwa njia ileile ambayo makocha wa vyuo vya Marekani walikuwa wakiwapata vijana wa kwao miaka yote: kulikuwa na mwalimu wa sekondari, na mwalimu huyo aliaminika.

Michezo ya vyuo nchini Marekani si burudani ya Jumamosi tu. Mwaka 1956 chama kinachoisimamia, NCAA, kiliruhusu waziwazi vyuo vimlipie mwanamichezo masomo yake kwa sababu ya mchezo wenyewe, bila kuuliza kwanza kama ni maskini au kama ni hodari darasani. Tangu hapo kila kocha wa chuo akawa mwindaji. Lakini nchi ina maelfu ya shule za sekondari, na kocha hawezi kuzizunguka. Kwa hiyo humtegemea mwenzake wa sekondari, ambaye anamjua kijana tangu miguu haijakomaa. Huyo ndiye atakayesema ni nani anayefika mazoezini kabla ya wengine, nani anashinda mbio ndogo na kukata tamaa kwenye kubwa, na nani atarudi nyumbani baridi ya kwanza ikimpiga. Wazazi nao humsikiliza yeye kuliko mgeni aliyekuja na kofia ya chuo. Hapati hata senti kutoka chuoni. Mtaji wake ni neno lake, na neno hilo halivumilii uongo: akimsifia goigoi mwaka huu, mwaka ujao hata akiwa na gwiji wa mbio Kipchoge Keino mwenyewe mkononi hakuna atakayeitika.

Mfumo huo ulipofika Afrika Mashariki haukuanzia shuleni. Mkondo wa kwanza ulikuwa wa kisiasa. Kuanzia mwaka 1959 ndege zilizopangwa na mwanasiasa Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani zilipeleka mamia ya vijana vyuoni, na katika kizazi hichohicho alikuwapo Stephen Machooka, Mkisii aliyewashangaza watu wa Cornell mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jinsi alivyozimudu mbio za nyika. Baadaye LeRoy Walker, kocha wa North Carolina Central, chuo cha Wamarekani Weusi huko Durham, aliwachukua Julius Sang na Robert Ouko. Wote wawili walikuwa katika kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne mjini Munich mwaka 1972, na Sang alipata pia shaba ya mita 400. Mike Boit, aliyechukua shaba ya mita 800 katika michezo hiyohiyo, akaenda Eastern New Mexico na hakuacha kusoma mpaka alipoitwa daktari.

Hawa walikwenda wakiwa watu wazima, wengi wakiwa tayari na majina. Makocha wa Marekani wakaona wamegundua machimbo. Kulikuwa na hesabu nyuma ya tamaa yao, nayo inafaa kuelezwa kwa sababu ndiyo iliyoendesha kila kitu kilichofuata. Kocha wa riadha hana ufadhili wa kugawa ovyo. Kwa miaka mingi, mpaka mabadiliko ya mwaka 2025, timu ya wanaume ilikuwa na nafasi 12.6 tu, ambazo zilikatwakatwa vipande ili ziwatoshe warukaji, warushaji na wakimbiaji. Mrusha tufe huleta pointi za tufe. Mkimbiaji wa masafa marefu, kwa ufadhili uleule, huleta pointi za mbio za nyika msimu wa vuli, za mbio za ndani wakati wa baridi, na za uwanjani ikifika masika. Tena huweza kuingizwa katika mita 5,000 na 10,000 katika mashindano yaleyale. Kwa kocha mwenye mfuko mdogo, huyo ni watu watatu ndani ya jezi moja.

Wawili walioielewa hesabu hii mapema ni John Chaplin wa Washington State, mjini Pullman, na Ted Banks wa chuo cha Texas kilichopo El Paso, ambacho wanariadha wote hukiita UTEP. Pullman palikuwa na John Ngeno, kisha Joshua Kimeto na Samson Kimombwa, na mwaka 1976 akafika askari mmoja kutoka Nandi Hills, Henry Rono. El Paso palikuwa na James Munyala na Wilson Waigwa, baadaye Michael Musyoki na Gabriel Kamau. Watanzania nao walifika El Paso: Suleiman Nyambui, ambaye kuanzia 1979 hadi 1982 alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 kila mwaka, na baada yake Filbert Bayi na Gidamis Shahanga.

Katika mtindo huu wa Pullman na El Paso, mtafuta vipaji alikuwa mwanafunzi aliyetangulia. Ukiwa Pullman unaandika nyumbani, unamtaja binamu, jirani, mwenzako wa kambini. Mwalimu wa shule hakuwa na nafasi kubwa, kwa kuwa wengi walikuwa wameshaacha shule miaka mingi, wamevaa magwanda, na baadhi wana wake na watoto. Matokeo yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000 Berkeley, mita 3,000 kuruka viunzi na maji Seattle, mita 10,000 Vienna na mita 3,000 Oslo. Mwaka 1981 UTEP walishinda mbio za nyika za vyuo kwa pointi 17. Msomaji asiyeifahamu hesabu ya nyika ajue kwamba pointi ni nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza zikijumlishwa, na pungufu kabisa inayowezekana ni 15.

Wamarekani walinung'unika. Kunung'unika kwao kulikuwa na historia. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Howard, cha Wamarekani Weusi mjini Washington, kilikuwa kimetwaa ubingwa wa soka kwa kikosi kilichojaa wachezaji kutoka Karibi na Afrika, na NCAA ikawanyang'anya kombe. Howard walikwenda mahakamani, na kanuni iliyowabana wageni peke yao ikaangushwa. Basi ikatafutwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1980, kila mwaka ambao mwanariadha alishindana rasmi baada ya kutimiza miaka 20, kabla ya kujiunga na chuo, ulikatwa katika miaka yake minne ya kushindana chuoni. Kanuni haikumtaja mgeni wala Mkenya. Lakini askari wa miaka 25 aliyekuwa ameshindana miaka mitano akiwa jeshini hakuwa na thamani tena kwa kocha.

Hapa ndipo mwalimu wa sekondari alipoingia ulingoni, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo historia za riadha ya Kenya hulipita haraka mno. Watu hueleza Iten kwa urefu wa milima, kwa ugali na maziwa ya mgando, kwa watoto wanaokimbilia shule. Yote hayo yalikuwapo mwaka 1970 pia. Kilichobadilika ni kwamba kocha wa Marekani sasa alihitaji kijana wa miaka 18 au 19 mwenye cheti cha mtihani, na kijana wa namna hiyo hakupatikana kambini. Alipatikana kidato cha nne na cha sita.

St. Patrick's ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuendeshwa na Mabradha wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Riadha ya shule ilikuwa mikononi mwa Peter Foster, Mwingereza aliyekuja kujitolea, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 mjini Montreal. Mwaka 1976 akafika Bradha Colm O'Connell, kijana wa kutoka Cork, kufundisha jiografia. Hakuwahi kuwa mwanariadha wala kocha. Foster alipoondoka, timu ikamwangukia mikononi, naye akaanza kujifunza kwa kuwatazama wavulana wenyewe: nani anakimbia kama anatembea, nani mabega yanampanda akichoka. Hadi leo mbinu yake ni ya mtu anayetazama zaidi kuliko anayepiga kelele.

Mashindano ya shule za Kenya yalimpa kipimo. Mvulana alianza tarafani, akavuka wilaya na mkoa, kisha taifa, na kila ngazi ilikuwa na mwalimu mwenye daftari. Uwanja ulikuwa wa nyasi au wa udongo, mistari imechorwa kwa chokaa asubuhi ile ile, kona moja ina bonde kidogo na nyingine ina shimo la fuko. Saa ilikuwa ya kubonyeza kwa kidole. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko haimpi mtu muda mzuri hata akiwa bingwa. Mwalimu akiandika tu kwamba mvulana wake amekimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na nusu, kocha wa Texas ataitupa barua: vijana wake wanne wanakimbia hivyo.

Ndiyo maana barua ilikuwa sanaa. Ilikuwa ile karatasi nyembamba ya buluu ya barua za ndege inayokunjwa ikajifunga yenyewe, na nafasi yake ni ndogo. Mwalimu alipaswa kusema muda wa saa, kisha aseme uwanja ulikuwa wa namna gani na juu kiasi gani, aliyeshika nafasi ya pili yuko nyuma umbali gani na ni nani, na kama mvulana alikuwa amekwisha kukimbia mbio nyingine saa mbili kabla. Halafu mambo ya darasani: alama za mtihani, somo analolipenda, Kiingereza chake. Halafu tabia. Kocha wa upande wa pili alikuwa akisoma barua mbili kwa pamoja, ya mkimbiaji na ya mwalimu, na alikuwa anampima mwalimu kwanza.

Kazi haikuishia kwenye barua. Chuo kikisema ndiyo, mvulana alihitaji kufanya mitihani ya kuingilia vyuo vya Marekani, SAT na TOEFL, na kwa mtoto wa Keiyo au Marakwet hiyo ilikuwa safari ya usiku kucha na ada ambayo familia haikuwa nayo. Kulihitajika cheti cha kuzaliwa, na wengi hawakuwa nacho, pasipoti, nakala za matokeo zilizopigwa mhuri, fomu ya I-20 kutoka chuoni, ambayo bila hiyo ubalozi hautoi viza, na nauli. Mwalimu ndiye aliyejaza, aliyesaini, aliyekimbizana na ofisi ya wilaya, na mara nyingi aliyeitisha harambee. Kuna kitu cha kuchekesha kidogo hapa: tunasema Marekani ilichukua vipaji vya Kenya kama mtu anayeokota maembe chini ya mti, kumbe kila embe lilipandiwa, likachumwa, likafungashwa na kulipiwa nauli na mwalimu wa jiografia.

Pacha wawili wa Iten, Kip na Charles Cheruiyot, walikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya Mount St. Mary's, ambako Jim Deegan alikuwa kocha. Kip alikuwa amekwisha kuweka rekodi ya dunia ya vijana ya mita 1,500 mwaka 1983. Peter Rono akafuata. Ibrahim Hussein, mwingine wa St. Patrick's, alikwenda Chuo Kikuu cha New Mexico, na baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, na ya Boston, mwaka 1988. Yobes Ondieki alikwenda Iowa State. Mwaka 1993 akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Pale shuleni Iten walianza kupanda mti kwa kila bingwa na kuuwekea kibao cha jina. Mgeni akipita leo anatembea katika kivuli cha wanafunzi.

Si kila mtu aliyefurahi. Viongozi wa riadha Nairobi walilalamika kwamba vyuo vinawakamua vijana, na walikuwa na hoja: ileile hesabu ya mtu mmoja kama watu watatu ilimaanisha kukimbia vuli, baridi na masika bila kupumzika, mbio mbili au tatu kwa wikendi, kwa sababu chuo kinahitaji pointi. Wapo waliorudi wakiwa na shahada na magoti yaliyokwisha. Wapo waliorudi bila shahada. Henry Rono mwenyewe, aliyekosa Olimpiki mbili kwa sababu Kenya ilisusia Montreal na Moscow, aliangukia pombe na kuishi miaka mingi ya shida Marekani kabla ya kurejea nyumbani. Alifariki Nairobi mwezi Februari 2024. Lakini wakosoaji walisahau mara nyingi kulinganisha. Aliyebaki jeshini naye alikimbia kwa amri, na akichoka hakuwa na cheti cha uhasibu mfukoni.

Kilichopunguza mvuto wa vyuo ni fedha. Mwaka 1982 shirikisho la dunia liliruhusu wanariadha wawekewe mapato katika mifuko ya amana, na kufikia mwisho wa muongo huo mbio za Ulaya na marathoni za miji mikubwa zilikuwa zikilipa waziwazi. Mvulana bora wa Iten aliyeshinda mashindano ya vijana ya dunia hakuhitaji tena kukimbilia Maryland. Wakala wa Ulaya alimfuata langoni. Colm, aliyekuwa kocha wa Kenya kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya vijana, Athens 1986, alianza kuendesha kambi za likizo mwaka 1989, akianzia na wasichana. David Rudisha, mwanafunzi wake maarufu kuliko wote, hakuwahi kugusa chuo cha Marekani.

Chuo kikabaki kuwa njia ya aina nyingine ya mwanariadha: yule aliye wa nne au wa sita mkoani, mwenye kichwa cha darasani. Bernard Lagat alikuwa tayari chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, alipokwenda Washington State mwaka 1996. Mwaka 2007 akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000 mjini Osaka, akiwa amevaa jezi ya Marekani. Paul Chelimo alipitia North Carolina Greensboro, akaingia jeshi la Marekani, akapata fedha ya mita 5,000 Rio mwaka 2016. Baadhi ya Wakenya bado wanaona uchungu kuwataja. Sioni sababu: nafasi ambazo kijana wa nne mkoani angepata katika timu ya Kenya zinajulikana.

Wasichana walifunguliwa mlango na sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Vyuo vilivyotumia fedha nyingi kwa soka la Kimarekani la wanaume vilitafuta mahali pa kusawazisha, na riadha ya wanawake ikapata nafasi 18 za ufadhili dhidi ya zile 12.6. Hata hivyo mwalimu wa michezo wa shule za wasichana Bonde la Ufa alichelewa kuingia katika mtandao wa barua, na matunda yalionekana baadaye. Sally Kipyego kutoka Marakwet alipitia chuo cha South Plains, kisha Texas Tech, akatwaa mataji tisa ya NCAA na fedha ya mita 10,000 London mwaka 2012. Mercy Chelangat na Doris Lemngole wa Alabama wamefuata njia hiyo.

John Manners, mwandishi wa Kimarekani aliyeishi utotoni miongoni mwa Wakipsigis, aliugeuza mpango mzima chini juu. Mwaka 2004, akishirikiana na Mike Boit, alianzisha KenSAP, ambayo iliwatafuta kwanza waliopata alama za juu kabisa za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kutoka maeneo ya Wakalenjin na kuwatafutia nafasi Harvard, Yale na vyuo vingine vya aina hiyo. Mtihani wa darasani ukishapita, mwombaji alikimbizwa mita 1,500, hata kama hakuwahi kuvaa viatu vya mbio. Wengi walikimbia vibaya na kuchukuliwa vilevile kwa sababu ya alama zao. Wachache waligundua siku hiyo kwamba wana miguu.

Siku hizi mashindano ya Eldoret hurekodiwa kwa simu na video hufika Oklahoma kabla wakimbiaji hawajavua viatu. Mawakala wa ufadhili wamejaa, wengine waaminifu, wengine wakidai malipo kwa ahadi ambazo si zao kuzitoa, na mwalimu huitwa pale tu nakala za matokeo zinapohitaji mhuri wa shule. Paul Ereng aliuona mfumo huu kutoka pande zote mbili. Alifika Virginia akiwa mkimbiaji wa mita 400, akabadilishiwa mbio miezi michache kabla ya Seoul, kisha kwa miaka mingi akawa kocha UTEP, akichukua vijana kutoka shule ambazo aliwajua walimu wake kwa majina. Mmoja wao, Emmanuel Korir, alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 800 mwaka 2017, akaacha chuo baada ya msimu mmoja na kuwa mkimbiaji wa kulipwa, na mwaka 2021 mjini Tokyo akachukua dhahabu ya mbio zilezile ambazo kocha wake alizishinda mwaka 1988.